Mshikio wa Ngazi ya Mbele

Orest Hawryluk hakuwa mhunzi wa kazi. Alikuwa mkulima wa ngano, kama baba yake kabla yake, kwenye shamba lilelile la Saskatchewan, Kanada, lenye upepo usiochoka. Uhunzi ulimwingia ukubwani, mwaka ambao theluji ilikataa kuondoka, na mwanamume akifungiwa ndani miezi yote hiyo huanza kutafuta makosa ya mkewe. Basi Zonia, mkewe, alimwambia aende akatafute makosa ya vyuma. Orest akaenda kwenye mnada wa shamba la jirani aliyefariki, akarudi na fuawe ya kufulia vyuma, nzito iliyowatoa jasho wanaume watatu kuishusha. Akasafisha banda la zamani la kuku, akajenga tanuri la matofali, akalifungia feni aliyoing'oa kwenye mashine mbovu ya kukaushia nafaka, akaanza kuunguza vyuma.

Mwanzoni aliviunguza kweli. Baadaye mkono ukazoea. Hakuuza hata kimoja. Alifua kulabu, bawaba na vichokoleo vya moto, akavigawa kwenye harusi na ubatizo, mpaka Zonia akawa anawaambia wageni kwamba nyumba yake ina kulabu nyingi kuliko makoti.

Sasa mikono hiyo ilikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Ulianzia kidole gumba cha kulia, ukapanda bega, ukashuka miguuni. Mashamba walimkodishia Lyle Friesen, jirani wa upande wa mashariki, wakabaki na ng'ombe wachache ambao Orest hakukubali wauzwe na ambao Zonia ndiye aliyewalisha. Zonia ndiye aliyemfunga vifungo vya shati, ndiye aliyemkatia nyama, ndiye aliyeamka kumgeuza ubavu. Uchovu wake ulikuwa umeshavuka ule wa kulala ukaisha. Alilala nao, akaamka nao, akaenda nao zizini.

Mwezi wa tisa Orest alianguka kwenye ngazi ya mbele ya nyumba. Hakuvunjika, alichubuka tu, lakini binti yao Raelene, aliyeishi mjini Calgary, aliposikia alinunua mshikio wa alumini mweupe, wa kufungwa kando ya ngazi kwa skrubu, akautuma kwa posta. Boksi likafika, likaegemezwa ukutani barazani.

"Huo hauingii kwenye ngazi yangu," Orest alisema. "Ni wa hospitali."

"Na wewe ni mgonjwa," Zonia alisema.

"Mgonjwa ndiyo. Hospitali siko. Nitafua wangu, wa chuma."

"Kwa mikono ya nani, mzee?"

Zonia hakurudia swali, kwa sababu kubishana kulitaka nguvu, na nguvu alikuwa ameziweka akiba kwa ajili ya ng'ombe. Oktoba ikapita. Boksi likabaki pale pale, na kila Raelene alipopiga simu Zonia alimwambia kwamba bado wanaandaa mahali pa kuufunga.

Siku moja ya Novemba, mchana, Zonia alikuwa akishusha marobota ya nyasi kwenye gari la kukokotwa na trekta alipoona moshi ukitoka kwenye banda la kuku. Alisimama akiutazama kidogo. Halafu akaacha robota likining'inia nusu, akaenda. Hakukimbia. Magoti yake yalikuwa yameshaacha kumkimbilia mtu.

Alimkuta Orest amekaa chini sakafuni, mgongo umeegemea gogo la fuawe, miguu imenyooka mbele kama mtoto anayecheza mchangani. Moto ulikuwa unawaka tanurini na feni ilikuwa inavuma. Hatua chache kutoka kwenye buti lake kulikuwa na pao la chuma lililomponyoka likiwa jekundu. Lilikuwa limekwisha kupoa kwa juu, lakini ubao wa sakafu uliokuwa chini yake ulikuwa unafuka moshi, na mstari mweusi ulikuwa unatambaa polepole kuelekea kwenye rundo la magunia.

Zonia alichukua ndoo ya maji ya kupozea vyuma, akaimwaga ubaoni, halafu akazima feni.

"Umekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Sikuangalia saa. Nilikuwa naangalia huo moshi."

"Umeumia?"

"Hapana. Nimekaa tu, siwezi kuinuka."

Alimshika makwapani, akavuta. Orest alikuwa mtu mkubwa, na ugonjwa haukumpunguza uzito. Akavuta tena, mgongo wake mwenyewe ukamwonya, akamwachia. Halafu, badala ya kwenda kutafuta msaada, Zonia alikaa chini kando yake, juu ya maji na majivu, akaegemea gogo lilelile.

Makaa yalikuwa yanalialia tanurini yakipoa.

"Sema basi," Orest alisema. "Nigombeze."

"Sina nguvu ya kukugombeza."

"Nilitaka kufanya kitu kimoja bila wewe. Kimoja tu. Kila kitu ni wewe, Zonia. Hata soksi."

"Na mimi ningependa ufanye kitu bila mimi," Zonia alisema. "Hujui ninavyopenda. Nimechoka, Orest. Asubuhi, kabla sijaweka mguu chini, nakaa pale kitandani nakuonea wivu wewe uliyelala."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Alingoja aone kama atajuta, hakujuta. Orest aliangalia mkono wake wa kulia ukirukaruka juu ya paja kama kuku aliyefungwa.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambia ungefanyaje?"

"Nisingefanya kitu. Ningejua tu."

Zonia akatoa simu mfukoni, akampigia Lyle Friesen. Lyle alikuja na gari lake la mizigo, akasimama mlangoni akiwatazama wote wawili chini.

"Nimeitwa kumwinua mmoja," alisema. "Mama Raelene, na wewe nikuinue, au umeshahamia hapa?"

"Anza na huyo," Zonia alisema. "Mimi niache kidogo."

"Basi, jirani," Lyle alimwambia Orest akimkumbatia kifuani, "tucheze. Lakini usinikanyage, nina buti mpya."

"Buti mpya kwa kazi gani? Ngano yangu unaivuna umekaa kwenye mashine yenye kiyoyozi."

"Unaona? Mdomo haujaumwa," Lyle alisema, akamsimamisha.

Jioni hiyo Orest alikula supu yake ya borsch kwa kijiko kizito, kile kisichotikisika sana. Zonia alitarajia atanuna. Lakini Orest alipomaliza alifuta kidevu, akasema, "Ufunge ule mweupe. Kesho."

Ndicho alichokuwa akikitaka Zonia tangu mwezi wa tisa. Asubuhi alitoka na keekee ya umeme, akafungua boksi, akatandaza vipande barazani. Vilikuwa vyepesi kama mifupa ya kuku. Aliinua kichwa akamwona Orest dirishani, amekaa kwenye kiti chake, hakumtazama yeye. Alikuwa anatazama banda la kuku. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshasema ndiyo kwa mambo mengi na sasa hajali ndiyo ya mwisho ni ipi. Zonia alijua uso ule. Alikuwa akiuona kila siku kwenye kioo cha bafuni.

Aliweka keekee chini, akaingia ndani na buti zake za matope.

"Nyundo nitapiga mimi," alisema. "Wewe utasema. Lakini sikiliza: ukinipigia kelele naondoka. Na theluji ikitanda kabla hatujamaliza, mweupe unapanda pale na hutasema kitu."

"Hujawahi kufua chuma maisha yako yote."

"Nimekanda unga maisha yangu yote. Vaa koti."

Siku ya kwanza waliharibu pao zima. Orest alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na tanuri, akimwambia angoje chuma kifike rangi ya chungwa lililoiva. Zonia alikuwa anangoja, na kule kungoja mbele ya joto kukamlegeza, macho yakajifumba akiwa amesimama, koleo mkononi. Alipozinduka chuma kilikuwa cheupe na kinarusha cheche. Akakitoa, ncha ikamegeka juu ya fuawe kama biskuti.

"Kitoe, kitoe, nimesema kitoe, umeziba masikio?" Orest alikuwa anapiga kelele tangu mwanzo.

Zonia alilaza koleo, akavua glavu moja, akavua na ya pili, akaenda kwa ng'ombe. Akawalisha. Akavunja barafu kwenye hodhi lao la maji. Aliporudi alimkuta Orest palepale kwenye kigoda. Hakuwa na jinsi ya kwenda kwingine.

"Nilidhani umenisikia na unanidharau," Orest alisema.

"Nilikuwa nimelala."

"Umesimama?"

"Ng'ombe wanaweza, kwa nini mimi nisiweze?"

Orest akacheka bila sauti, mabega tu, halafu akasema samahani. Akamwambia kwamba pao la kwanza analoliunguza mhunzi huwa ni karo ya shule, na yeye alilipa karo hiyo majira mazima ya baridi.

Taabu nyingine ilikuwa ni kuelekezana. Maneno yalikuwa yanachelewa. Mpaka Orest amalize kusema "kushoto kidogo" chuma kimeshapoa. Wahunzi wawili wakifanya kazi pamoja, fundi hushika nyundo ndogo na kugusa mahali panapotakiwa, na msaidizi hupiga papo hapo kwa nyundo kubwa. Orest akataka wafanye hivyo. Akasogezewa kigoda mpaka kwenye fuawe, akashika nyundo ndogo. Ikagusa chuma, halafu ikaendelea kugusa, huku na huku, tk tk tk tk, wala haikusimama.

Zonia alibaki ameinua nyundo juu.

"Nipige wapi?"

"Pale nilipogusa."

"Umegusa kila mahali. Ipi ni yako na ipi ni ya ugonjwa?"

Orest akaitazama nyundo yake ikicheza peke yake. "Yangu ni ile nzito," alisema. "Zile nyepesi ni zake. Usimsikilize, hajui uhunzi."

Wakacheka mpaka Zonia akalazimika kushusha nyundo kwa sababu mikono ilimlegea, na chuma kikapoa, wakakirudisha motoni. Baada ya hapo kazi ilienda. Zonia alijifunza kuzisikia: nyepesi, nyepesi, nyepesi, nzito, akapiga. Walifanya kidogo kidogo, kati ya kulisha ng'ombe na dawa za saa nane, na kila jioni mabega yalimuuma kwa namna mpya, juu ya maumivu ya zamani. Kazi haikumpumzisha. Alichoka zaidi. Lakini kwa saa ile moja ya mchana alikuwa akichokea kitu ambacho kesho yake kingali pale, si sahani ambazo zitachafuka tena.

Mshikio ulitoka umepinda kidogo katikati, na ile ncha iliyokusudiwa kujikunja kama konokono ilikuwa na donge kubwa upande mmoja. Lyle alikuja kuufunga. Alitoboa nguzo za baraza, akakaza bolti, akaning'inia kwenye mshikio kwa uzito wake wote. Haukutikisika.

"Hiki nini hapa mwishoni?" aliuliza akipapasa lile donge. "Kiazi?"

"Ni konokono," Zonia alisema.

"Ni kibaya," Orest alisema. Alishuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mkono ukiwa umeubana mshikio. Ukiwa umeubana hivyo, mkono ulitulia. "Ningekifua mimi ningekitupa kwenye vyuma chakavu."

"Bahati hukukifua wewe," Lyle alisema.

Theluji ilikuja wiki hiyohiyo, ikaja kukaa. Banda la kuku likafungwa. Orest alisema watafungua tena Aprili, na Zonia hakumuuliza Aprili atakuwa na miguu gani. Ule mweupe wa Raelene Zonia aliufunga mlango wa nyuma, kwenye njia ya kwendea gari, na Orest akautumia kila siku bila kuusema vibaya wala vizuri. Raelene alipotumiwa picha ya ule wa chuma alipiga simu akauliza kama ni salama. Baba yake akamwambia ni salama, ila asiuangalie sana. Halafu, kitu ambacho hakuwa amekifanya kabla, akamwambia kwamba mama yake amechoka, na kwamba wale ng'ombe wauzwe kabla ya Krismasi.

Zonia alikuwa jikoni akisikia. Aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango avue buti. Alivua moja. Nje kulikuwa kunaanza giza la saa kumi na moja, na ng'ombe, kwa kuwa walikuwa bado wapo, walikuwa wanalia wapewe chakula. Alisema moyoni kwamba atafumba macho kidogo tu.

Orest alikata simu, akamwona amelala, buti moja bado mguuni. Akanyoosha mkono kwenye redio iliyokuwa ikitangaza mchezo wa hoki. Kidole kilikosa kitufe, kikakosa tena, kikakipata. Akaizima. Kisha akatafuta namba ya Lyle, amwulize kama angeweza kuja kulisha ng'ombe, kwa leo tu, na aingilie zizini bila kupiga honi.