Nyimbo za Sikujua Hazifutwi

Tangu alipotolewa uvimbe kooni, Sikujua alibaki na sauti ya kukwaruza ambayo hata kuitia kuku ilimshinda. Zamani pale Mbwera harusi haikuchangamka mpaka afike yeye, na msimu wa kuvuna mpunga wanawake walimgombea, maana akianzisha wimbo, mikono husahau uchovu. Sasa wasichana wa kikundi chake walitaka kujifunza nyimbo hizo, nazo zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu: ndani ya kiredio kidogo cha mp3, chenye ukubwa wa kidole gumba, alichokuwa akijirekodia mwenyewe.

Kiredio nacho kilikuwa kimechoka. Betri haikukaa tena. Ukikitoa kwenye chaji kinazimika. Sikujua akaamua kukipeleka Kibiti kabla hakijakufa kabisa, nyimbo zihamishiwe kwenye memori kadi, kila msichana aziweke kwenye simu yake.

Kaka yake, Ismaily, alikuwa anakwenda kutafuta kipuri cha mashine ya boti, wakaongozana. Waliposhuka kwenye boti na kupanda gari pale Nyamisati akaanza kumsema.

"Mungu kakuondolea sauti, Sikujua. Ungeshukuru umepona, ukatulia."

"Nimeshukuru, kaka. Kutulia ndiko sijaambiwa."

Karibu na stendi ya Kibiti kulikuwa na duka la stesheneri la kijana aitwaye Abdulhalim. Alikichomeka kiredio kwenye kompyuta. Kikaonyesha alama ya kuchaji, lakini kompyuta ikakaa kimya kama haikuona kitu. Akahamishia tundu jingine. Kimya. Akabadili waya.

"Nyaya nyingine ni za kuchaji tu, mama, hazipitishi nyimbo," alisema.

Kwa waya wa pili kompyuta ililia, ikaandika kwamba kifaa hakitambuliki. Abdulhalim akaizima na kuiwasha upya, akapuliza vumbi kwenye tundu la kiredio, akaushikilia waya kwa kidole. Safari hii kitu kikatokea kwenye kioo, lakini badala ya nyimbo likaja swali.

"Inataka tufomati."

"Ndiyo kufanya nini hiyo?"

"Kusafisha. Pengine baada ya hapo itasoma."

"Na nyimbo?"

Abdulhalim akakuna kichwa. "Zinafutika."

Sikujua akaweka kiganja juu ya kipanya. "Basi toa mkono wako hapa."

Ismaily, aliyekwishapata kipuri chake na kusimama mlangoni, akaguna. "Mwache kijana afanye kazi. Kitu kimekufa hicho. Twende, maji yatakupwa, boti ishindwe kuingia mtoni."

"Hakijakufa. Kinaimba." Sikujua akachomeka spika za masikioni, akamsogezea Abdulhalim. "Sikiliza."

Kijana akasikiliza, kichwa kikaanza kumcheza.

"Kama sauti inatoka kuja masikioni mwako," Sikujua alisema, "mbona isiingie humo kwenye kompyuta kwa njia hiyo hiyo? Harusini vijana wanachomeka waya kwenye simu, wimbo unatokea kwenye maspika."

Abdulhalim akakigeuza kiredio, akatazama tundu lake. "Inawezekana. Natoa waya hapa kwenye tundu la spika, naingiza kwenye tundu la maiki, kompyuta inarekodi. Ila ni wimbo mmoja mmoja, mpaka uishe wenyewe. Zote hizi? Tuchague chache, mama."

"Zote."

"Sikujua!" Ismaily akapandisha sauti. "Gari linaondoka!"

"Na liondoke. Mimi nitalala hapo Mahege kwa ndugu yetu Mwanaamina. Wewe nenda, kaka, msalimie kila mtu."

Kiredio kikaachwa kwenye chaji, waya mwingine ukaingia kwenye kompyuta, na sauti ya Sikujua ya zamani ikajaa dukani. Mwanamke aliyekuja kutoa kopi akasahau karatasi zake, akawa anapiga makofi. Wimbo wa tatu ulikuwa wa utani. Ulimtaja Ismaily kwa jina, jinsi alivyoona kiboko akaruka kutoka mtumbwini, akamwachia mkewe makasia. Watu wakaangua kicheko. Ismaily, ambaye alikuwa bado hajaondoka, akaingia ndani.

"Huo ufute."

"Haufutwi."

"Mimi ni kaka yako mkubwa!"

"Ndiyo maana umeimbwa. Ungekuwa mtu baki nisingehangaika nawe."

Ismaily akamtazama dada yake, ambaye yeye mwenyewe alimuuguza hospitali alipokuwa hawezi hata kuomba maji. Akakohoa, akageuza uso, akavuta kiti cha plastiki, akakaa. Hakusema tena habari ya gari. Wote wawili walilala Mahege.

Wiki iliyofuata wasichana walikusanyika uani kwa Sikujua, pale Mbwera, simu mikononi. Zawadi, mwenye sauti kali kuliko wote, akaanzisha wimbo wa mavuno, akauharakisha. Sikujua akainua mkono.

"Hapana. Unakimbilia wapi? Mpunga hauondoki."

Akauimba mwenyewe, kwa koo lake lile lile lililokwaruzika. Ulitoka umepasuka, hapa unapotea, pale unarudi. Msichana mmoja akainamisha uso kwa kuona aibu kwa niaba yake.

"Niangalie," Sikujua alimwambia. "Kule kwenye simu utasikia ulivyokuwa. Pumzi utajifunzia hapa."

Akaanza upya, kwa nguvu zaidi.