Upande wa Pili wa Santuri

Muziki wa wazungu haujawahi kunikamata mimi Zadock, na ule wa piano wa Mfaransa ndio kabisa. Uliingia sikio hili ukatokea lile bila hata kuketi. Aliyekamatwa ni Nthiwa, mwenzangu wa kidato cha tatu, tuliyekaa naye chumba kimoja huko Riruta mwaka wa sitini na nane.

Jumamosi hiyo nilikuwa nikipiga pasi kaptura ya shule. Baba yake Nthiwa alikuwa mpishi huko Karen, mtaa wa wazungu, na tajiri wake, akirudi kwao Ulaya, alimwachia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri moja. Nthiwa akaweka sindano. Piano ikaanza polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, na maji yakaanza kudondoka kutoka mdomo wa gramafoni. Nikasogeza pasi. Nthiwa akaweka karai.

Yalikuwa maji safi, baridi kidogo. Ploti yetu ya vyumba vya kupanga ilikuwa na mfereji mmoja wa maji, mkavu tangu ulipowekwa, ingawa bomba la kwenda Karen lilipita chini ya choo chetu na watoto wakitulia ungelisikia likinguruma. Kufika jioni wapangaji walikuwa wamepanga ndoo mpaka dukani kwa Mzee Idarus.

Nthiwa hakuziona ndoo. Alishinda maktaba ya mjini akisoma habari za Wafaransa, akirudi na maneno.

“Huyu hapigi mto, Zadock. Anapiga mwanga ulioko juu ya mto.”

“Mwanga tunao. Mwambie atupigie unga.”

Upande wa pili wa santuri ndio aliotamani zaidi. Shida yake, ulitoa ukungu tu. Aliuweka mara moja, na kabla haujafika nusu nguo zote kambani zilikuwa zimelowa upya. Mama Mwelu wa chumba cha tatu akaja na mtoto mgongoni.

“Geuza, baba.”

“Mama, naomba niusikie mpaka mwisho.”

“Ukungu hauoshi nepi, mwanangu. Geuza.”

Akageuza. Sindano ilikuwa ikiila santuri, na kila mtu aliisikia ikiliwa. Nthiwa alisema, kwa heshima, kwamba kwa mwendo huu haitabaki kitu. Wakamwitikia, kwa heshima vilevile, wakasogeza ndoo. Akaja bwana wa maji kutoka kanjo, baraza la jiji. Alikunywa glasi moja, akayasifu, akalaza sikio chini akasikiliza bomba, akasema hilo si letu. Akapanda baiskeli yake akaenda.

Agosti, upande wa kwanza ukatoa mkwaruzo na kijiko cha mchanga. Watu wakachukua ndoo zao wakaelekea mtoni, mimi nikiwa mbele. Nthiwa akageuza santuri. Siku hiyo hapakuwa na nguo kambani, wala wa kumzuia. Ukungu ukajaa ploti nzima, naye akakaa ndani yake peke yake mpaka mwisho, kisha akafunga kifuniko akarudi kwenye hesabu zake. Gramafoni hakuizungusha tena.

Sasa Nthiwa ni mwalimu Machakos. Mimi ni karani mjini, na bado ninalala Riruta. Juzi nilikuwa dukani kwa Mzee Idarus, ambako siku hizi anayeuza ni bintiye Saleha. Nikingoja sukari, nilikuwa nikimhadithia mpangaji mpya haya yote, hasa ile ya sikio hili na lile. Saleha hakuinua macho kutoka kwenye mizani.

“Siku ya ukungu hukwenda mtoni, Zadock. Miguu yako niliiona chini ya dirisha lenu.”

“Ilikuwa ya mtu mwingine.”

“Haya. Na huo wimbo unaouimba puani tangu uingie, ni wa nani?”

Nikatazama chini. Maji yalikuwa yameanzia miguuni pangu, yamefika kwenye gunia la mchele. Saleha akalivuta gunia kando, akaleta ndoo, akaiweka katikati ya viatu vyangu.

“Endelea, ndugu yangu,” akasema. “Mfereji bado haujatoa.”