Mbwa wa Mama Pindo

Tangu siku ile mteja alipogonga mlango hadi akachoka, akaenda kuwaambia majirani kwamba fundi siku hizi anaringa, Mama Pindo hakutulia. Jina hilo alipewa na wateja kwa jinsi mapindo ya nguo zake yalivyonyooka, lakini sasa alishona jicho moja likiwa kwenye sindano na jingine mlangoni. Alishona, akainuka, akachungulia, akarudi. Blauzi ya mwalimu mmoja akaipachika mkono wa kulia kushoto. Masikio yake yalikuwa yamemtupa mkono, na hakuna aliyejua.

Alijua yatakayofuata akisema. Binti yake wa pekee, muuguzi anayeishi ng'ambo ya mji, alikwisha kutoa kauli: mama akianza kushindwa, cherehani itafunikwa, nyumba itapangishwa, naye atahamia kwake, akae, ale, alale. Kwa mwanamke aliyekula jasho lake tangu ujana, hiyo ilikuwa hukumu. Basi akapata wazo la mbwa. Mtu akija, mbwa atabweka, na mbwa akibweka, alijiambia, hata kiziwi atajua. Kwa binti alisingizia wezi.

Binti alifurahi, akasema atamnunulia yeye, ila awe wa mbegu safi. Chotara, alisema, ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia: baba yake humjui, wala hujui atarithi hasira za nani. Mama hakubisha. Yeye hakutafuta ukoo, alitafuta mdomo.

Mfugaji waliyemwendea alikuwa na masharubu yaliyofunika midomo yote miwili, balaa tupu kwa mtu anayesoma midomo. Alieleza, akaeleza, na Mama Pindo akaitikia kwa kichwa kama mnunuzi mzoefu. Katika vibanda vya waya mlikuwa na mbwa wekundu, mikia imejikunja, wazuri kupita kiasi. Mmoja alikuwa akifungua kinywa mara kwa mara, kinywa kipana, meno yote nje. Mama Pindo akamnyooshea kidole papo hapo. Kizingitini alilala chotara mmoja wa rangi isiyoeleweka, kinywa kimefungwa. Huyo walimruka wakapita.

Mbwa mwekundu alikuwa na adabu zake. Alikula bila kumwaga, akalala bila kuzunguka. Mama Pindo ndiye aliyezunguka. Alimsubiri abweke asubuhi, akamsubiri mchana, akatoka nje kumtazama usoni, akarudi ndani na uzi ukiwa umemkatikia. Labda hakuna aliyekuja, alijifariji.

Ndipo siku moja akainua kichwa akamkuta binti yake amesimama mbele ya cherehani, ufunguo mkononi, uso umemvimba kwa hasira. Alikuwa amegonga, akaita, akapiga dirisha, mpaka akakumbuka ufunguo wa akiba. Mama akaona pa kuponea. Akamlaumu mbwa: goigoi, hana faida, hata kubweka hajui.

 Binti akasema mfugaji aliwaeleza waziwazi kwamba mbegu ile haibweki, inapiga miayo tu, tena akatia na methali, kimya kingi kina mshindo mkuu. "Na wewe ukaitikia kwa kichwa, mama. Ukasema ndiye unayemtaka."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na miayo ya mbwa.

"Sisikii, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana nilitaka anayebweka."

Binti akakaa juu ya rundo la vitambaa. "Na angebweka, ungemsikiaje?"

 Miezi yote ile ya kuhangaika, swali hilo Mama Pindo hakuwahi kujiuliza. Alitaka kucheka, akalia.

Walimrudisha mbwa mwekundu siku hiyohiyo. Safari hii mama alisema mbele ya masharubu yale kwamba ni kiziwi, anataka mbwa wa kumwita. Mfugaji alijibu, na binti akamgeuzia mama uso, akarudia polepole: hawa wa mbegu hushinda bandani, hawajui mtu. Lakini yule chotara, kwa kuwa hana bei, aliachwa huru uani, na mgeni akigonga yeye humfuata mke wa mfugaji jikoni.

"Tumjaribu," binti alisema. "Akikuita, utabaki kwako. Asipokuita, kesho tunahamisha vitu."

Wakamkalisha mama kwenye ghala la mfugaji, juu ya kigoda, mgongo kwa mlango, chotara miguuni. Binti akatoka ili agonge, mlango ukafungwa. Wameanza kugonga? Bado? Hakujua. Mbwa alijikuna. Akanusa gunia, akalala. Mama Pindo alikaza vidole magotini asigeuke.  Mbwa akainuka, akapita nyuma yake, akapotea machoni. Kimya kilekile. Akaanza kukiona kile chumba cha kukaa, kula na kulala.

Pua yenye unyevu ikamgusa muundi. Kisha ukaja mguu wenye kucha, ukamparura goti kwa nguvu, tena na tena.

Aliinuka akafungua. Binti alikuwa amesimama pale pale, mkono juu, machozi yakimtiririka.

"Nimegonga kwa kidole kimoja, mama," midomo yake ilisema. "Taratibu. Nilitaka usije kufungua. Nilitaka tukae pamoja. Nyumba yangu ina upweke."

Mama Pindo aliutazama mkono ule ulioinuliwa. Muda wote huo alidhani binti anataka kumfungia. Akakishika kile kidole.

"Utakuja wewe kwangu," alisema. "Gonga hivyohivyo. Nitaitwa."