Mkono wa Kushoto wa Sun-rye

Bae Gwang-su alianza kujifunza kuchora watu kwa rangi za mafuta akiwa na miaka sitini na minane, katika darasa la wastaafu mjini Daegu. Miezi mitatu alichora vichwa vya sanamu za plasta, akasifiwa. Kisha Jumatano moja ya vuli mwalimu wao, binti aitwaye Noh Ha-eun, akawaletea mtu hai wa kumchora: mwanamke wa makamo aliyekaa kitini, mikono mapajani.

Bae alimtambua mara tu alipoingia. Alikuwa Sun-rye, mfumaji wa kiwanda alichokuwa akikisimamia zamani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu tu. Siku mashine ilipomkata viwili, miaka arobaini nyuma, alikuwa amemwambia Bae mara mbili kwamba mashine inakwama. "Fanya kazi, acha kudeka," Bae akamjibu. Baadaye akaandika kwenye ripoti kuwa msichana alisinzia.

Akajificha nyuma ya picha yake. Uso ulimtoka vizuri, na mabega pia. Alipofika mkononi, akachovya brashi kwenye rangi ya kijani na kuteremsha mkunjo wa gauni mpaka ukaufunika wote.

"Ebo, Mzee Bae!" jirani yake Chu akacheka. "Umemkata mkono mama wa watu!"

Masikio yakamwaka moto.

"Mikono imenishinda, mwalimu," Bae akanong'ona, Ha-eun alipomsogelea.

Wakati wa mapumziko Sun-rye akaja na kikombe chake cha chai ya shayiri. Akaitazama picha.

"Msimamizi Bae," akasema, "hata leo hujauona mkono wangu?"

Kumbe Sun-rye alimtambua tangu mlangoni. Bae alitaka kusema kwamba naye alikuwa kijana, kwamba wakubwa walimbana.

"Hukusinzia," akasema mwishowe, darasa zima likisikia. "Uliniambia. Mimi ndiye niliyeandika uongo."

"Najua nilikuambia. Mama yangu alikufa akiamini nilisinzia."

Akarudi kitini. Bae akachukua kisu cha rangi, akaikwangua ile kijani, akaanza vidole. Vilitoka vibaya, vinene kama viazi, na hakuna aliyecheka.

Jumatano iliyofuata alitamani asiende. Akaenda. Sun-rye alikuwa amekwisha kukaa, mkono wa kushoto ameuweka juu ya goti, upande wa dirishani.

"Chora," akamwambia.