Mkokoteni Usio na Breki

Kitu cha kwanza alichokiona ni soksi. Mumewe alikuwa akifunga begi la safari huku akipiga mluzi, na katikati ya mashati kulikuwa na soksi mpya, nzito, zile wanazovaa watu wanaolala ndani ya malori. Alizitazama, akazifunika kwa taulo. Akakaa kitandani.

Mumewe alikuwa utingo wa lori, na kazini wote walimwita Twende. Mzigo ukishafungwa, yeye ndiye aliyepiga bodi ya gari kwa kiganja, pa-pa, na kupaza sauti, "Twende!" Dereva aliondoa gari bila hata kutazama nyuma. Miaka yote walizunguka mjini tu, jioni yuko nyumbani anadai chai. Sasa tajiri wake alitaka kumhamishia njia ndefu, ile ya kuvuka mipaka. Utingo aliyekuwa njia hiyo kabla yake alirudishwa kwao ndani ya sanduku. Jibu lilitakiwa mara tu wakitoka likizo.

"Unaonaje, mama watoto?" Twende alikuwa amemuuliza, ingawa watoto wenyewe walikuwa bado hawajaja.

"Sawa tu," alijibu mkewe.

Kwake yeye kila kitu kilikuwa sawa tu. Katika duka la fundi alikoshona vifungo, wenzake walimtania kwamba ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi.

Wakaenda kupumzika shambani kwa mama mmoja aliyepangisha vyumba kwa wageni. Mama mwenyewe alikuwa mnene, mcheshi, na buti zake zilimfika magotini. Kabla hata hawajaweka begi chini, mabata bukini walitoka nyuma ya banda, shingo zimenyooshwa kama fimbo, wakaja mbio wakizomea. Twende alijificha nyuma ya mkewe.

"Waambie mimi ni mgeni!" alipiga kelele akicheka.

Mkewe hakucheka. Alikuwa ameganda, mikono kifuani, akingoja kudonolewa.

"Usiwaogope, mwanangu," alisema mama mwenye shamba. "Hao ni maneno tu, kama mawifi."

Asubuhi mke wa Twende alifungua dirisha na kukutana uso kwa uso na ng'ombe, pua mbichi, pumzi ya moto. Alirudi nyuma akapiga kisogo ukutani, asitoe hata mguno. Twende alicheka mpaka akashika mbavu. "Anakukagua, bibie! Kama mama yangu alivyokukagua siku ile ya kwanza." Walipopelekwa kuona pango, Twende aliingia akiita jina lake ili lirudi na mwangwi. Mkewe alibaki mlangoni. Kila mwangwi ulipokatika, naye pumzi zilimkatika, mpaka alipomwona anatoka na utando wa buibui kichwani.

"Umependa?" Twende alimuuliza.

"Ndiyo. Pazuri."

Kivutio kikubwa kilikuwa maporomoko ya maji, na wageni walipelekwa kwa mkokoteni wa maksai. Njia yenyewe iliteremka kutoka zizini, ikapinda ghafla penye ukingo. Chini yake maji yalikuwa yakinguruma. Mama mwenye shamba alimpandisha mke wa Twende kwanza, akamkalisha juu ya gunia la nyasi.

"Hawa hawana breki," alimwambia. "Breki ni mdomo. Wakienda kasi, waite kwa nguvu: hoooo! Mtu akivuta kamba wanazidi kukimbia. Haya, ngojeni nifungue lango."

Akaenda langoni. Lilipofunguka tu, Twende, aliyesimama nyuma akihakikisha mkewe amekaa vizuri, alifanya jambo ambalo mkono wake ulilizoea kuliko kula. Alipiga ubao wa mkokoteni kwa kiganja, pa-pa!

"Twende!"

Maksai waliruka kana kwamba wamemwagiwa maji ya moto. Mkokoteni ulipita langoni ukimkosa mama mwenye shamba kidogo sana, naye akaangukia majani. Mke wa Twende alishika ubao kwa mikono yote miwili. Magurudumu yalidunda juu ya mawe, meno yakagongana, na pale mbele kwenye mpindo hakuona njia tena. Aliona mvuke wa maji tu.

"Waite!" mama alipiga kelele kutoka nyuma. "Waite, mwanangu!"

Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Hata katika hofu ile kulikuwa na aibu, eti atapigaje kelele mbele za watu.

Ndipo akamwona Twende. Alikuwa anakimbia ubavuni, shati limefunguka, hana kicheko chochote usoni. Aliruka akadaka kamba na kuivuta kwa uzito wake wote. Maksai wakazidi. Kamba ikamzunguka mkono, mguu ukateleza, akaanguka, akaanza kuburutwa mbele kidogo tu ya gurudumu. Mkewe alikiona kichwa chake kikigonga majani. Aliona gurudumu likimkaribia. Aliona sanduku.

"HOOOOO!"

Hakuijua sauti ile. Ilitoka tumboni, ikamkwaruza koo.

"Hoooo! Simameni! Hoooo!"

Masikio ya maksai yalilala nyuma. Walipunguza mwendo, wakajikokota, wakasimama wakihema. Gurudumu lilikuwa limelishika pindo la suruali ya Twende na kulikandamiza ardhini.

Mkewe aliruka chini, akampapasa kichwa, shingo, mkono uliochubuka. Twende alikuwa mweupe kwa vumbi, lakini alijaribu kutania.

"Kumbe nimeoa king'ora," alisema. "Umekificha wapi muda wote huu?"

Mama mwenye shamba alifika akihema na kufoka. "Wewe bwana! Hilo ni lori hilo? Ulitaka kumuua mwenzio?" Akawashika maksai, akawa anawabembeleza kwa sauti ya chini.

"Pole, mke wangu," Twende alisema. "Mkono tu ule. Mazoea. Uko sawa?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la siku zote. Mkewe alilimeza. Alikaa kwenye vumbi kando yake, akashika kola ya shati lake kwa ngumi mbili kana kwamba bado anaburutwa.

"Siko sawa," alisema. "Usiende njia ndefu. Hata hapo mjini, ukichelewa, huwa sikai kitandani. Nakaa mlangoni na viatu miguuni, nikingoja waje kuniita nikakutambue mochwari."