Ukoga kwenye Paa la Mama Frida

Mimi ni fundi wa paa, na siku ile nilifanya ujinga.

Nyumba ya Mama Frida iko Nzuguni. Upande wa nyuma mwarobaini unaifunika, na kivuli chake kilikuwa kimeotesha ukoga mweusi juu ya vigae. Mvua zilikuwa zimekatika. Nikapanda kwa ngazi ya Mama Frida na ndoo ya klorini kali, nikaanza kumwaga.

Mama Frida alikuwa uani akichambua karanga.

"Fundi, unamwaga nini?"

"Dawa. Ukoga unakufa wenyewe."

"Ikiteremka inaenda wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

Nikatazama gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, nikatazama bomba linaloshuka kutoka kwenye gata, nikatazama tangi. Lita elfu tano za maji ya mvua. Mama mzazi wa Mama Frida, anayeishi naye, ana presha, na kisima cha mtaa kina chumvi. Maji ya kunywa ya yule bibi hadi Desemba ni hayo tu. Nayo dawa ilikuwa tayari kwenye gata.

Mama Frida hakupiga kelele. Alikimbia, akapanda juu ya tofali, akalishika bomba kwa mikono miwili na kuling'oa kwenye mdomo wa tangi. Dawa ikammwagikia mpaka kwenye viwiko. Hakuliachia mpaka tone la mwisho. Nimefanya kazi na wanaume wengi. Wengi wangeanza kwa kunitukana.

Nilipoteremka nikamwambia, "Pole, mama. Kanawe haraka."

Alinawa, akarudi na kikombe. Akachota maji ya juu kabisa ya tangi, pale ambapo dawa ingeangukia, akanusa, akanipa.

"Kunywa wewe kwanza."

Nikanywa. Maji matamu, hayana harufu.

"Haikuingia," nikasema.

"Basi uache huo ukoga. Njoo Julai, jua na upepo vikishaukausha. Utalichomoa bomba kwenye tangi kwanza, halafu utaufagia kwa ufagio mgumu."

"Nani alikufundisha?"

"Nalitazama paa hili mwaka wa kumi na moja, fundi. Wewe umelitazama asubuhi moja."

Miaka ishirini niko juu ya mapaa ya watu, na hilo sikulijua.

Akampelekea mama yake kikombe kingine, nami nikamfuata ndani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyetaka kuninywesha dawa ya choo?"

"Ndiye mimi."

Akanywa yote, taratibu, akifuta mdomo kwa khanga. Kisha akamgeukia binti yake.

"Mpe chakula, amechoka. Lakini hiyo ngazi iingizeni ndani."