Siri ya Majike

Kozi wa mnara wa kanisa la Zandwalle alikuwa na kipindi chake cha runinga. Wapenda ndege walimwekea kamera kiotani, padri akaibariki, na Rosette, mwenye baa ya klabu ya njiwa, akatundika kioo cha runinga juu ya meza ya wanachama bila kumwuliza mtu. Tangu siku hiyo wafugaji wa njiwa wa Zandwalle walikunywa bia huku wakitazama watoto wa kozi wakilishwa njiwa wao.

"Wa nani huyo?" mmoja angeuliza, kozi akitua na rundo la manyoya.

"Bawa jeupe. Wa Omer."

"Si wangu!"

"Pete ya kijani, kaka. Pole. Rosette, mpe Omer bia."

Hayo ndiyo yalikuwa mazishi yenyewe. Kumrushia kozi hata kokoto kulikuwa kosa la jinai, kwa hiyo walijaribu ujanja mwingine. Walichora macho kwenye mabawa ya njiwa. Wakawafunga njuga. Firmin, jirani yake Zulma, alinunua bundi wa plastiki mwenye kichwa cha kuzunguka na kumsimamisha juu ya banda lake. Siku ya tatu kozi alitua juu ya kichwa cha bundi, akajisafisha manyoya taratibu, na kichwa kikamzungusha aone kijiji chote.

Zulma hakuchora macho wala hakufunga njuga. Alikuwa na miaka sitini na minane, mjane wa Achiel, na katika ile klabu ya wanaume kumi na tisa ni yeye peke yake aliyeitazama runinga ya kozi akiwa na kalamu. Ndani ya daftari la mapishi, baada ya ukurasa wa keki ya wali, aliandika saa za mama kozi. Kila siku mama kozi alirudi na nyama saa nane na robo, dakika tano mbele au nyuma. Familia ikishakula, alikaa ukingoni macho nusu yamefumba mpaka saa kumi, na hata njiwa wangepita mbele ya mdomo wake asingehangaika.

Shida ni kwamba saa nane, mama kozi akiwa bado mawindoni, ndiyo saa ambayo njiwa wa mashindano, wanaofunguliwa asubuhi huko Bourges, Ufaransa, hufika nyumbani.

Na safari hii Bruno alikuwa anakwenda Bourges. Bruno ndiye dume wa mwisho wa ukoo ambao Achiel aliulea kwa miaka arobaini. Zulma asingempeleka popote mwaka huo, lakini mdomo ulimponza. Achiel alipozikwa, Firmin alihamia kwenye kiti chake pale baa, kile cha mikono karibu na jiko, hata maua ya kaburini hayajanyauka. Kila Ijumaa Zulma alikitazama kiti kile na roho kumchemka. Ijumaa moja akasema mbele ya wote:

"Bruno akimtangulia dume wako Kaizari kutoka Bourges, unainuka hapo."

Firmin hata bia hakuiweka chini. "Na Kaizari akitangulia, shemeji?"

"Utasema mwenyewe."

"Unanipa Bruno. Nimzalishe kwangu."

Wakapeana mikono. Zulma alirudi nyumbani akijitukana njia nzima.

Ikabidi kozi ashibe mapema. Kwanza alifikiria kuku wa dukani, ampandishe mnarani kwa kamba. Rosette alicheka mpaka akashika meza. "Kozi hali kitu kisichoruka, mama. Utamlisha sakristani tu." Basi ilihitajika nyama yenye mabawa. Zulma alikuwa na njiwa kumi na mmoja na kila mmoja alimjua kwa jina. Firmin alikuwa nao themanini, na kati yao majike arobaini, wengi wao vikongwe wanene kama maandazi, ambao wangeishia kwenye supu ya Krismasi.

Firmin pia alikuwa na tabia. Alichungulia. Nyuma ya ua wa majani uliotenganisha bustani zao alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na daftari magotini, akinakili. Alinakili mchanganyiko wa nafaka wa Achiel, alinakili chai yake ya kitunguu saumu, alinakili hata wimbo wa kanisa ambao Achiel aliuimba akisafisha banda, na mwenyewe hana sauti.

Jumatano, Zulma alisimama karibu na ua huo akiwa na simu sikioni. Upande wa pili hapakuwa na mtu.

"Irma, dada yangu, nakwambia wewe tu," alisema, kwa sauti ya kumfikia Irma kule mjini Roeselare bila simu. "Unakumbuka Achiel alivyoshinda Bourges miaka mitatu mfululizo? Saa saba na nusu alikuwa anatoa majike wote juu ya paa. Wote, Irma! Dume akiwa bado kule angani anamwona mkewe, anashuka kama jiwe! ... Eee! ... Wala, Firmin hajui. Yule atajulia wapi?"

Nyuma ya majani, ndoo ililia kidogo.

Uongo huo ulikuwa mkubwa. Dume wa mashindano huishi kama mjane: wiki nzima hatangamani na mkewe, halafu Ijumaa jioni, kabla ya kutiwa kikapuni, anaonyeshwa mke kwa dakika chache tu. Ndicho kinachomrudisha mbio kutoka Ufaransa. Siku ya mbio jike anakaa ndani, kwenye kisanduku chao, na hakuna mfugaji mwenye akili timamu anayemfungulia. Lakini tamaa ya Firmin ilikuwa imeshaitangulia akili yake siku nyingi.

Ijumaa usiku Zulma alilala na dhamiri yake, wakasukumana. Kikongwe mmoja wa Firmin kwa uhai wa Bruno. Kulipokucha aliyeshinda alikuwa Zulma.

Jumamosi redio ilisema njiwa wa Bourges wamefunguliwa saa mbili na dakika tano, upepo wa kusini magharibi. Zulma alianika nguo, akaoka keki ya wali, akafungua kidirisha cha banda lake. Saa saba na nusu kamili alisikia lango la banda la Firmin likifunguliwa, akainua macho kuhesabu vikongwe.

Alitoka mmoja. Tena hakuwa kikongwe. Alikuwa Paulina, mke wa Kaizari, jike wa bluu mwenye shingo ya kumeremeta, mwaka mmoja na nusu tu. Firmin alikuwa ameipiga hesabu yake: kwa nini madume wengine wahimizwe, ilhali anayehitajika ni Kaizari peke yake?

Zulma alikimbilia ua. Supu ya Krismasi alikuwa ameikubali, lakini si huyu.

"Firmin!" alipaza sauti. "Mrudishe ndani! Kozi atamchukua!"

Kofia ya Firmin ilichomoza juu ya ua, na uso chini yake ulijaa furaha. "Ahaa! Umeogopa, shemeji?"

"Nakwambia kweli! Mrudishe!"

"Nitamrudisha Kaizari akishafika."

Kozi alishuka kutoka mnarani bila kupiga bawa hata mara moja. Paulina alimwona dakika ya mwisho, akajirusha chini, akapita katikati ya mashuka ya Zulma, na kwa kuwa kidirisha cha Zulma ndicho kilichokuwa karibu, akaingia humo kama aliyezaliwa humo. Kozi aligonga kamba ya nguo, akajinasua kwa hasira, akaondoka.

Simu iliita. Alikuwa Omer, mwenyekiti wa klabu, yuko baa mbele ya kioo.

"Zulma, kozi ameleta soksi."

"Soksi gani?"

"Ya kijivu, imetoboka penye dole gumba. Watoto wanaivuta huku na huku. Mama yao ametoka tena, na kakasirika."

Zulma alikaa kwenye benchi. Ujanja wake wote ulikuwa umemtia kozi njaa zaidi, na saa ilikuwa nane kasoro dakika tano.

Walikuja wawili, sambamba, juu ya kiwanda cha zamani cha kitani. Firmin aliwaona pia. Ghafla wa tatu alikuwa juu yao, akaporomoka, na wale wawili wakaachana. Mmoja alikata kushoto. Mwingine alikata kulia, kozi nyuma yake, wakapotea chini ya mapaa ya barabara ya kituo cha treni. Manyoya machache yalibaki hewani, na kwa rangi yake Zulma alijua ni ya Bruno.

Aliyekata kushoto alikuwa Kaizari. Alitua kwenye ubao wa banda la Firmin, hatua tatu tu kutoka kwenye kibao cha mashine kinachosoma pete mguuni na kulia "pii". Alichungulia ndani. Mke hayupo. Akageuza kichwa.

"Ingia, baba," Firmin alibembeleza akitikisa kopo la mahindi. "Ingia, mfalme wangu. Ingia, mjinga wewe!"

Kutoka banda la Zulma, Paulina alilia mara moja, kwa upole. Kaizari aliruka juu ya ua, akashuka kama jiwe, na kuingia kwa Zulma.

Firmin alipita katikati ya majani, hakuzunguka langoni. "Nipe dume wangu!"

"Kaa chini, Firmin."

"Yuko humo ndani na mashine yangu haijamsoma!"

"Najua aliko. Na wewe unajua sheria ya klabu, maana uliiandika pamoja na Achiel. Mtu haingii bandani, awe mwenyewe au mgeni, iwapo njiwa wa banda hilo bado yuko angani. Utamtisha anayerudi."

"Anayerudi nani? Umeona mwenyewe, shemeji. Bruno ni..."

"Kaa chini," Zulma alisema tena.

Firmin alikaa. Zulma akamkatia keki, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Walikula bila kuonja. Ikapita saa nane na nusu. Ikafika saa tisa. Omer alipiga kusema kozi amerudi na nyama, na Zulma akakata simu kabla hajasikia ya rangi gani. Miaka arobaini ya Achiel, aliwaza, na mimi nimeimaliza kwa umbea wa kwenye simu isiyo na mtu. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Firmin," alisema, "nataka kukwambia jambo."

Lakini Firmin alikuwa anakodolea macho lango la mbele.

Bruno alikuwa anakuja kwa miguu. Mkia wote haukuwepo, bawa moja liliburutwa, na alitembea katikati ya njia ya matofali kwa hatua za mzee anayetoka posta. Akampita paka wa jirani, ambaye kwa mshangao hakufanya lolote. Zulma alitamani kumbeba, lakini njiwa aliyebebwa hahesabiwi. Alichukua ubao wa kupigia pasi, akauegemeza kwenye kidirisha, akarudi nyuma.

"Panda, mwanangu," alinong'ona.

Bruno akapanda. Katikati alipumzika. Firmin, Mungu amsaidie, alikuwa amevua kofia. Bruno akamaliza, akakanyaga kibao, na mashine ikalia: "Pii." Saa tisa na dakika kumi na mbili. Zulma alikaa palepale kwenye nyasi akalia kwa sauti, kisha akacheka, kisha akaingia kumpa Firmin dume wake na jike wake. Kaizari alisomwa na mashine saa tisa na dakika kumi na sita.

Usiku ule Zulma alikalia kiti cha Achiel. Kilikuwa kinambana kiunoni, naye hakuinuka mpaka Rosette alipofunga. Firmin alikuja na bia mbili, akainama.

"Nimeshindwa kihalali, shemeji. Lakini lile la majike! Umemwona Kaizari alivyoshuka? Bahati mbaya tu, amekosea banda. Jumamosi ijayo nawatoa wote arobaini."

Zulma aliwaona Paulina na wenzake juu ya paa, na mama kozi ukingoni. "Usiwatoe, Firmin. Ilikuwa uongo. Nilikuwa naongea na simu iliyozimwa ili unisikie. Achiel hakuwahi kutoa jike hata mmoja."

Firmin akamkonyeza.

"Shemeji, mimi si mtoto," alisema. "Unataka kunificha sasa."

Akaondoka akipiga mluzi wa wimbo wa Achiel. Zulma alimuapia mpaka mlangoni, bure.

Basi Jumatano alisimama tena karibu na ua wa majani, simu sikioni.

"Irma, afadhali yule jirani amenasa kwenye lile la uongo!" alipaza sauti. "Siri yenyewe ya Achiel hajaifikia hata kidogo. Majike ndani, dada yangu, mlango umefungwa kwa komeo, mpaka dume wa mwisho aingie. Hata mkia usionekane nje!"

Alinyamaza, akasikiliza. Nyuma ya majani, penseli ilikuwa inakwaruza karatasi.